Ninachosikiliza Baada ya Sindano

Watu ninaokutana nao kwenye benchi la kliniki huniuliza nasikiliza nini. Wanaona hedifoni masikioni, wanaona mguu unapigapiga chini, wanadhani ni kwaya au mahubiri. Nikiwapa wasikie, wengi hurudisha upesi. Mmoja alisubiri kwa adabu, kisha akaniuliza, "Waimbaji wanaingia saa ngapi?" Nikamwambia hawaingii. Akanitazama kwa huruma, ingawa yeye ndiye aliyekuwa na drip mkononi.

Wiki hii nasikiliza Ile ya Ng'ombe Kurudi. Ni fidla kubwa, ile ambayo mpigaji huketi na kuibana katikati ya magoti, na inapigwa peke yake bila mwenzake. Sauti inaanzia chini, inapanda, inarudi nyuma kidogo, inapanda tena, kama ng'ombe wanaotoka kunywa maji huku wa mwisho bado hajatoka mtoni. Asubuhi nikimeza dawa ya vidonda vya tumbo, nawasha hiyo. Mchana, nikiwa bandani, naweka Ile ya Bwana Harusi Kachelewa. Hiyo ina tarumbeta na ngoma kubwa, na kila ukidhani sasa anaingia, wapigaji wanarudi mwanzo. Jioni naweka Ile ya Baba, kinanda na fidla nyingi, taratibu. Juu ya hiyo ninalo la kusema zaidi.

Majina haya hayamo kwenye kanda. Marehemu baba alikuwa katekista wa kigango chetu hapa Ntobeye, na ndiye aliyekuwa akipiga kinanda kila padre alipokuja. Padre mmoja mzee alipostaafu na kurudi kwao, alimwachia baba debe la biskuti lililojaa kanda. Maandishi yake yalikuwa ya lugha ambayo baba hakuijua, na unyevu wa masika ukayafuta hata kabla hajapata wa kumsomea. Baba akazisikiliza moja moja na kuzipa majina mwenyewe. Mama alicheka sana kwa ile ya bwana harusi.

Walifariki wote wawili kabla mimi sijamaliza darasa la sita. Kati yetu ndugu watatu, mkubwa nilikuwa mimi. Deo alikuwa anaanza kuchunga mbuzi, Yusta alikuwa bado anabebwa mgongoni. Niliacha shule, nikalima, na siku za gulio nikawa nashika bisibisi kwa fundi redio mmoja kule Kasulo. Baada ya redio zikaja simu, baada ya simu zikaja memori kadi, na mimi nikahama nazo. Banda langu linachaji simu na kuwekea watu nyimbo. Kanda za baba nilizihamisha zote, nikaziweka kwenye kadi yangu. Yusta sasa ni mwalimu wa shule ya msingi. Deo anaendesha bodaboda Biharamulo mjini. Nayasema haya ili ieleweke kwamba nilipougua, hapakuwa na mtu wa juu yangu wa kukimbilia. Wa juu nilikuwa mimi.

Kikohozi kilianza wakati wa kuvuna maharage. Nilitibiwa kifua kikuu cha kawaida, nikameza dawa, nikakonda. Kiangazi kilipokaribia kuisha waliniambia kifua changu ni sugu, dawa za kawaida hazikiwezi. Nilipelekwa hospitali ya mbali, nikakaa huko mpaka mvua za kwanza, kisha nikarudishwa nyumbani na utaratibu wa kwenda zahanati kila asubuhi. Vidonge vya kujaza kiganja, na sindano. Naambiwa siku hizi wengi hawachomwi tena, wanapewa vidonge tu. Kama wewe ni mmoja wao, shukuru, ila usiruke ukurasa, kwa sababu masikio ni ya kuchunga hata hivyo.

Nesi wetu aliitwa Winifrida. Sisi wa kifua tulikalia benchi la nje, upande wa upepo, tukiwa na barakoa, na wajawazito walikalia la ndani. Akitoka mlangoni alituita kwa macho tu.

"Leo upande gani?"

"Wa jana unauma."

"Na wa juzi?"

"Umesahau."

"Basi tuukumbushe. Lala."

Kila alipomaliza kunichoma aliuliza, "Masikio yanasikia?" Nami nilijibu, "Yanasikia." Siku ya kwanza alikuwa ameketi na kunieleza vizuri kwamba sindano hii inaweza kuua ugonjwa na kula masikio pamoja, kwa hiyo nikiona mabadiliko niseme. Nilimwelewa. Nilijua nilichokuwa nacho cha kupoteza. Picha ya baba hatuna. Tunazo kanda.

Mwili ulibadilika kwa namna ambayo hakuna aliyenitayarisha. Ngozi ikawa nyeusi kuliko nilivyozaliwa, kwanza uso, kisha mikono. Magoti yaliuma nikichuchumaa. Maji ya kunywa yalikuwa na ladha ya msumari. Deo alikuja kuniona, akasimama barabarani, nje ya ua, pikipiki ikiunguruma.

"Kaka, umekuwa mweusi kama sufuria ya msibani."

"Zima pikipiki uingie."

"Nina abiria."

Nyuma yake hapakuwa na abiria. Mkewe alikuwa amemkataza asiingie, kwa ajili ya watoto, na mimi ningekuwa na watoto labda ningemkataza pia. Aliniachia mfuko wa dagaa kwenye nguzo ya ua, akaondoka. Ilikuwa hivyo kila alipokuja.

Majirani nao waliacha kupita. Njia ya mkato inayokwenda bombani hupita katikati ya migomba yetu, na tangu utoto wetu ilikuwa nyeupe kwa kukanyagwa. Mvua zile iliota nyasi. Nesi Winifrida alikuwa amewaambia watu kanisani kwamba siambukizi tena, makohozi yangu yameshapimwa. Walimwitikia "Amina," wakazunguka kwa juu. Bibi Paskazia, ambaye alimzika mama yetu na ndiye aliyemfundisha Yusta kusonga ugali, anakaa ng'ambo ya bonde dogo, mlango wake ukitazamana na wetu. Alikuwa akinisalimia kwa kunyanyua jembe. Nami nilinyanyua mkono. Tuliishi hivyo.

Yusta peke yake aliingia. Aliacha chumba chake cha kupanga, akarudi nyumbani, akawa anatembea kwenda shuleni na kurudi. Alinipikia, aligombana na mimi juu ya mayai nisiyotaka kula, na alilala nyumba ile ile.

Katikati ya mvua za masika niliona Ile ya Ndege imeharibika. Hiyo ni ya filimbi. Filimbi inazungumza juu, na chini yake kuna nyuzi zinazodonolewa moja moja. Siku hiyo nyuzi zilikuwepo lakini filimbi ilikuwa mbali, kama mtu anayepiga akiwa kijiji cha pili. Mimi ni fundi. Fundi hulaumu waya kwanza. Nilibadili hedifoni. Nikasafisha tundu la simu kwa mswaki. Nikatoa debe la baba, nikatafuta kanda yenyewe, nikafuta kichwa cha redio kaseti kwa spiriti, nikaicheza. Filimbi haikuwepo kabisa. Nikasema basi, kanda imekufa, na hata niliyoihamisha ilikuwa inakufa bila mimi kujua. Nilisikitika kama unavyosikitikia mnyama mzee. Kesho yake Nesi Winifrida akauliza, "Masikio yanasikia?" Nikajibu, "Yanasikia," na sikuwa nasema uongo. Yeye nilimsikia.

Jioni zile pia nilimwambia Yusta, "Nyenje wa mwaka huu wamewahi kweli."

"Nyenje gani?"

"Hawa wanaolia."

Alisikiliza, akacheka, akadhani namtania. Aliendelea kusahihisha madaftari.

Ilikuwa Jumapili mchana, mvua imepumzika. Yusta alichukua ndoo akaenda bombani. Mimi nilitandika mkeka mlangoni, na kwa kuwa hedifoni zilikuwa hazinipi raha tena, nikatoa sabufa ya bandani, nikaichomeka, nikaweka Ile ya Baba. Ilikuwa chini. Nikaongeza. Bado chini, lakini tamu. Nikaongeza mpaka ikanitosha, nikajilaza na kufumba macho.

Hapa lazima nieleze jambo kwa asiye wa kwetu. Redio ya taifa ikiacha kusema, ikaacha na matangazo, ikaanza kupiga muziki wa taratibu usio na maneno, mtu shambani huweka jembe chini. Ni kwamba mkubwa wa nchi amefariki, na kinachosubiriwa ni jina tu. Kijijini kwetu sabufa hupiga bongo fleva au kwaya. Muziki wa kinanda na fidla bila mwimbaji watu wanaujua kwa kazi moja. Na sasa ulikuwa unatoka nyumba ya mgonjwa wa kifua sugu, mlango wazi, mchana wa Jumapili.

Nilipofumbua macho niliona watu wanashuka ng'ambo. Bibi Paskazia alikuwa mbele, mikono kichwani. Nyuma yake wanawake wawili na mikungu ya ndizi, mmoja na mzigo wa kuni, halafu wanaume na mabenchi ya kigango. Wengine walikuwa wanatokea kwenye njia ile ya mkato, wakikanyaga nyasi. Midomo ilikuwa wazi. Nilidhani wanaimba.

Waliingia uani wote kwa pamoja. Kwa kuwa mbele alikuwa mzee, nilisimama, nikafunga vizuri shuka langu kiunoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," alijibu, kwa mazoea tu. Kisha akaniangalia. Akakaa chini pale pale kwenye matope.

"Nani amefariki?" nikauliza.

"Wewe!"

Hilo nililisoma midomoni mwake. Nyuma yake watu walikuwa wanapunga mikono kuelekea sabufa, shingo zimewatoka mishipa, na mimi nikawa nashangaa kwa nini watu wazima wananong'ona kwa nguvu hivyo. Yusta aliingia mbio na ndoo tupu. Alikuwa hana ndara mguu mmoja. Alinipita, akachomoa waya. Nyuso zote uani zikalegea kwa wakati mmoja, kama mtu anapotua mzigo.

"Kaka! Umefungua mpaka mwisho! Nimesikia kutoka bombani, nimejua... nimejua..." 

"Mbona ilikuwa chini," nikasema.

 Walinitazama, kisha wakatazamana. Yusta aliwasha tena, polepole, akageuza kitufe mpaka mahali fulani.

"Hapo inasikika?"

"Umewasha?"

Ndivyo nilivyopata habari. Sikupewa na daktari wala na kanda, nilipewa na watu waliokuja kunizika.

Mwenye kuni alitaka kuondoka nazo. Bibi Paskazia, ambaye bado alikuwa matopeni, alimzuia.

"Weka chini. Kuni za msiba hazirudi nyumbani, utaita msiba kwako."

"Lakini bibi, msiba haupo."

"Tumeshalia. Machozi utayarudisha wapi? Washa moto." Kisha akanigeukia, akapaza sauti, na safari hii nilisikia. "Na wewe, siku nyingine ukipiga hiyo ledio ya kufa, uwe umekufa!"

Walicheka, na baadhi yao walikuwa bado wanafuta macho. Walipika ndizi kwa maharage. Walikula uani kwangu, kwenye sahani zangu, watu ambao tangu nilipotoka hospitali walizunguka kwa juu. Sijui waliamua saa ngapi kutoogopa. Nadhani hawakuamua, msibani huwezi kukataa kwenda, na wakishafika walikuwa wameshafika. Njia ya bombani ilianza kuwa nyeupe tena wiki ile.

Kesho yake nilimwambia Nesi Winifrida kabla hajauliza. Aliweka sindano kwenye trei bila kunichoma, akapiga simu. Nilipelekwa hospitali ya wilaya, nikaingizwa chumba kidogo, nikavishwa hedifoni kubwa na kupewa kitufe: ukisikia, bonyeza. Nilikaa na kitufe kile kwa muda mrefu kidole kikiwa hakina kazi. Mpimaji alikuwa upande wa pili wa kioo na alikuwa anafanya kazi kweli kweli.

Daktari alikuwa kijana mtaratibu, aliandika nilipokuwa simsikii. Sauti za juu zimekwenda na hazitarudi. Za chini bado. Sindano ikiendelea zitafuata. Sindano ikikatwa sasa, ugonjwa wa kifua unaweza kuamka tena, kwa sababu dawa ya kuiziba nafasi yake ilikuwa haijafika na yeye hakuwa na hakika itafika lini.

Niliuliza kama akikata leo, za chini nitabaki nazo.

"Nikikuambia ndiyo nitakuwa nakudanganya," aliandika. "Lakini nafasi ipo. Na kifua nitakichunga kwa kukupima mara kwa mara."

Deo alikuwa amekuja kutoka Biharamulo, na mara hii alizima pikipiki. Tulikaa watatu chini ya ukuta wa hospitali. Walizungumza kana kwamba sipo, ingawa kwa sauti ya kunitosha.

"Wakate," Deo alisema. "Fundi redio kiziwi atatengeneza nini?"

"Na marehemu mwenye masikio mazuri atatengeneza nini?" Yusta akamjibu.

"Wewe unaongea kirahisi."

"Mimi? Wewe unayeongea na kaka kutoka barabarani?"

 Deo alichukua jiwe, akaliangusha. Baadaye akasema, bila kututazama, "Mimi ile ya ng'ombe ndiyo nalalia. Nimeiweka kwenye simu. Mke wangu anadhani nimechanganyikiwa." Sikuwa najua hilo. Nilidhani kanda zile ni zangu peke yangu na debe.

Waligombana mpaka wakachoka, kisha wakageuka kwangu kwa pamoja, kama walivyofanya tangu wadogo ugali ulipokuwa hautoshi. Wote wawili walinitaka nikatae kile wanachokiogopa wao. Niliwaambia kwamba nimewalea kwa mikono na si kwa masikio, kwa hiyo nikiwa kiziwi bado nitaishi, lakini juu ya kifua tutamsikiliza daktari, na yeye amesema kukata sindano ni hatari anayoweza kuichunga. Tukate, nipimwe mara kwa mara, na makohozi yakibadilika nitarudi kwenye sindano bila kubishana, hata kama ni kwa kupoteza fidla zote za dunia. Yusta alilia. Deo alinunua soda.

Sindano zilisimamishwa. Nilikaa kiangazi chote nikihesabu siku kama mtu anayengoja majibu ya mtihani. Kila nilipokohoa, Yusta aliinua kichwa. Dawa mpya ilifika kahawa zilipokuwa zinaanikwa. Makohozi yalipimwa, yakawa safi, yakapimwa tena, yakawa safi. Mvua zikaja na kupita. Nilimaliza vidonge msimu uliofuata wa kahawa, na ngozi yangu imeanza kurudi, kuanzia viganjani.

Kwa aliye kwenye matibabu haya sasa, langu ni dogo. Usijipime masikio mwenyewe. Kinachoondoka hakiagi; utaona tu kwamba simu imeharibika, watu wananong'ona, nyenje wamezidi. Tafuta mtu mmoja wa nyumbani, mkae mahali pamoja, msikilize kitu kimoja, umuulize yeye anasikia nini. Mimi nilikuwa naye kwenye chumba kile kile na sikumuuliza.

Nilizobaki nazo ni fidla kubwa, sauti za chini za kinanda, ngoma, tarumbeta zikiwa chini, radi, sauti za wanaume, na sauti ya Yusta akiwa amekasirika. Ndege sina, wala watoto wanaolia, wala simu ikiita. Bandani wateja hunigusa bega. Redio nazitengeneza kwa kushika spika kwa ncha za vidole.

Ile ya Ndege bado naisikiliza. Nyuzi zinadonolewa, halafu kuna sehemu ambapo zinajivuta na kungoja, na mle ndimo filimbi ilimokuwa. Naiacha ipite mpaka mwisho. Kanda ilikuwa nzima, Deo amenihakikishia.

Na jioni natoa sabufa mlangoni, naweka Ile ya Baba. Sauti yake siwezi kuipima, kwa hiyo tumepatana na Bibi Paskazia. Nikizidisha, yeye hutoka na kuanika kitenge chekundu kwenye ua wake, nami napunguza mpaka akianue. Anasema ana haki hiyo kwa kuwa alishanililia na hakurudishiwa.

Sasa hivi nimewasha. Nimetazama ng'ambo. Yuko mlangoni, amekaa, anachambua maharage, na ua wake hauna kitu.

Naongeza kidogo.